Mgonjwa Aliyefungua Mlango

Aliyefungua mlango alikuwa mgonjwa.

Mgonjwa yule yule ambaye, kwa mujibu wa fomu ya serikali, ukurasa wa nne, swali la kumi na moja, hajainuka kitandani tangu mwaka juzi. Alikuwa amesimama wima kizingitini, beseni la nguo mbichi kiunoni, vibanio vitatu vya kuanikia vimeng'ang'ania kola ya gauni lake, na anapumua vizuri kuliko mimi na wewe.

"Karibu," alisema.

Nyuma yake, kwenye korido, Mama Pazia aliganda na kikombe mkononi.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita kwa sababu shemeji yako alifungia viatu, nakukumbusha upesi upesi, na mwambie shemeji yako asirudie. Mama Pazia anauza mapazia. Ana duka la vioo, ana mume daktari, ana mapacha wa miaka mitano, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, na ana wivu usio na tiba. Mama mmoja pale shuleni kwa mapacha alileta yaya kutoka nchi ya mbali, yaya mwenye sare, anayeongea puani. Tangu siku hiyo Mama Pazia hakula akashiba. Naye alitaka wake. Na msidhani alikosa mtu wa kulea watoto. Mtu alikuwepo. Alichokosa ni mtu wa kuonyesha.

Mtu aliyekuwepo ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Watoto wanamwita Shangazi, na sisi tutamwita hivyo hivyo. Aliwapokea mapacha wakiwa na siku tisa. Akawaogesha, akawalisha, akawafundisha kutamka. Shukrani yake ilikuwa kutolewa kwenye chumba chenye dirisha na kupelekwa stoo, katikati ya majora ya vitambaa, ili chumba kimsubiri mgeni.

Tatizo likawa moja tu. Kibali cha yaya wa kigeni hakitolewi kwa nyumba yenye ndugu mzima anayeweza kulea. Mama Pazia alipolifikia swali hilo kwenye fomu hakusita hata kidogo. Alimpoozesha wifi yake kwa kalamu.

Na sasa aliyepooza alikuwa mlangoni na beseni.

"Shikamoo, mama," alisema mgeni. Alikuwa mwanamke mwenye viatu bapa, mkoba mzito begani, na sura ya mtu aliyesikia uongo wa kila aina hadi akauchoka.

"Marahaba, mwanangu. Nikusaidie nini?"

"Natoka ofisi ya vibali. Nimekuja kukagua nyumba. Wewe mama ni nani hapa?"

Shangazi alifungua mdomo. Mama Pazia akamtangulia.

"Dobi!" alisema, akimsukuma wifi yake kwa kiwiko huku akitabasamu meno yote. "Huyu ni dobi wetu, mheshimiwa. Huja mara mbili kwa wiki. Karibu, karibu ndani, usisimame mlangoni na dobi."

Shangazi alimtazama wifi yake. Alilihamisha beseni kutoka upande wa kulia kwenda wa kushoto, basi.

Hapo hapo sauti ikatoka chooni, kali kama filimbi ya mwamuzi.

"Shangaziiii! Nimemalizaaa!"

Afisa aligeuza kichwa. "Anaitwa nani?"

"Ah, watoto wetu wana adabu sana," alisema Mama Pazia. "Kila mwanamke mtu mzima wanamwita shangazi. Hata wewe watakuita."

"Na kila mwanamke mtu mzima wanamwita aje kuwatawaza?"

Mama Pazia alicheka. Alicheka peke yake. Shangazi alishaweka beseni chini na kwenda chooni.

"Kaa, mheshimiwa, kaa," Mama Pazia alimbembeleza mgeni hadi kwenye kochi. "Nakuletea kitu cha baridi."

Hakuleta kitu cha baridi wala cha moto. Alipita jikoni kama upepo, akazunguka kwa mlango wa nyuma, akaibuka chumbani, ambako mumewe alikuwa mbele ya kioo akifunga tai.

Huyu mume tumwite Daktari, maana ndivyo anavyopenda. Ni mtu mwenye mikono safi na uti wa mgongo wa uzi wa sufu. Maishani mwake amewahi kusema hapana mara mbili, na zote mbili aliomba radhi.

"Kaja," alisema mkewe.

"Nani?"

"Afisa. Na kamwona dada yako amesimama."

Tai ilimponyoka. "Mungu wangu. Umemwambiaje?"

"Nimesema ni dobi. Lakini lazima atataka kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Mgonjwa uliyemwandikia cheti wewe!"

"Sasa mgonjwa tutamtoa wapi?"

Mama Pazia alimpima kwa macho kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu, kama anavyopima dirisha la mteja.

"Vua tai," alisema.

*

Afisa alikagua nyumba bila haraka. Alipima chumba cha yaya kwa futi ya chuma. Alifungua dirisha, akalifunga. Alibonyeza godoro. Alijaribu ufunguo mlangoni.

"Chumba kizuri," alikiri.

"Si unaona?" Mama Pazia alichangamka. "Sisi hatuna ubaguzi. Mtu akitoka kwao akaja kwetu anakuwa kama ndugu."

"Sasa naomba kumwona ndugu mwenyewe. Yule mgonjwa."

"Amelala, maskini. Kapewa dawa."

"Sitamwamsha. Nitamtazama tu."

Mama Pazia aliongoza njia hadi stoo huku akikohoa kwa nguvu, kukohoa kwa mtu anayetoa taarifa. Alisukuma mlango. Ndani, majora ya vitambaa yalikuwa yamepangwa hadi darini, na chini, juu ya godoro jembamba, mtu alikuwa amejifunika blanketi gubigubi. Kichwa kilifungwa kitenge.

"Mgonjwa analala stoo?" aliuliza Afisa.

"Anapenda giza."

Afisa alichuchumaa. "Shikamoo, mama."

Mama Pazia akakohoa tena.

"Marahaba," ilisema sauti chini ya blanketi. Ilikuwa sauti nyembamba, ya mbuzi aliyekanyagwa.

"Unaumwa wapi, mama?"

"Kila mahali."

"Pole. Na hizi soksi za ofisini unavaa kwa ajili ya baridi?"

Miguu miwili mikubwa, iliyochungulia upande wa pili wa blanketi, ilijikunja taratibu na kupotea.

Afisa alisimama, akajifuta magoti, akatoa kichwa nje. "Dobi! Samahani, mama, hebu njoo mara moja."

Shangazi alikuja akiwa amembeba pacha wa kike, wa kiume amemshika gauni.

"Wewe unafua nguo za humu ndani," alisema Afisa. "Huyu mgonjwa unamfahamu?"

Mama Pazia alimkazia wifi yake macho, na macho yale yalisema mengi. Yalimwahidi chumba, yalimtisha kumfukuza, kisha yalimtisha zaidi.

Shangazi hakuyatazama. Alikuwa anatazama blanketi. Lilikuwa lake. Na namna mtu alivyojikunja chini yake aliijua kabla hata mtu huyo hajaota ndevu. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na sita na mdogo wake miaka mitano. Kila siku ya mtihani mtoto yule alijifunika hivi hivi, akasema tumbo linauma. Na kila siku ya mtihani dada mtu alilivuta blanketi, akamnawisha uso, akamsindikiza hadi mlangoni kwa darasa. Yeye mwenyewe darasani hakurudi tena. Daktari hangekuwa daktari wa kitu chochote kama si mkono ule kwenye blanketi.

Aliinama, akalivuta mara moja tu.

"Amka, mdogo wangu," alisema. "Watu wamekuja."

Daktari aliketi, kitenge cha dada yake kichwani, shati la kazini limejikunja kwapani.

"Baba!" pacha wa kiume alifurahi. "Unacheza kujificha?"

Daktari alimtazama Afisa. Alitafuta neno lolote la kufaa. Akalipata.

"Habari za asubuhi," alisema.

"Nzuri," alijibu Afisa. "Naona umepata nafuu."

*

Sebuleni hakuna aliyeleta kitu cha baridi. Afisa alifungua faili mezani. Daktari alikaa ncha ya kochi kama mgonjwa kwenye kiti chake mwenyewe. Mama Pazia alisimama, mikono kifuani. Shangazi alitaka kurudi kwenye nguo zake, Afisa akamzuia.

"Kaa, mama. Yanakuhusu."

Shangazi alikaa, na mapacha wakamkalia.

Afisa alisoma. "'Yupo dada wa mume. Amepooza kuanzia kiunoni. Haamki, hajitambui vizuri, naye anahitaji kulishwa.' Halafu pana cheti. Saini hii ya nani?"

"Yangu," Daktari alinong'ona.

"Wewe ni daktari wa nini?"

Daktari alilichunguza zulia.

"Nimekuuliza."

"Wa meno."

"Kwa hiyo ulimtazama mdomoni ukaona kiuno?"

Kwa mara ya kwanza Shangazi alizungumza bila kuulizwa. Aliongea polepole, sauti ile ile anayowatulizia mapacha.

"Hajitambui vizuri?"

"Dada, ilikuwa karatasi tu..."

"Uliiandika wewe?"

"Aliandika yeye," alisema Daktari, na kidole kikamwelekea mkewe haraka. Kidole hicho ndicho kitu chenye haraka kuliko vyote alivyonavyo. "Mimi nilisaini tu."

"Uliisoma kabla ya kusaini?"

Angeweza kusema hakuisoma. Mimi ninayesimulia ningemwombea aseme hivyo. Lakini Daktari, mtu aliyeshindwa kuwa mkweli asubuhi nzima, alichagua dakika ile.

"Niliisoma," alisema.

Shangazi alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hakununua.

"Haya, tuseme ukweli basi!" Mama Pazia alilipuka. "Mheshimiwa, wewe ni mwanamke mwenye hadhi, utanielewa. Watoto wangu nataka wakue na upeo. Huyu atawapa upeo gani? Anakula kwa kijiko. Anawaimbia nyimbo za kupalilia. Nilimtuma siku moja awachukue shuleni, wenzangu wakaniuliza kama ni mpishi wetu."

"Ukajibu nini?"

"Nikasema ndiyo. Ulitaka niseme nini, kwamba ni wifi yangu?"

Wifi yake alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake. Mama Pazia alimwongelea kama unavyoongelea kabati lisilopita mlangoni.

Afisa aliandika kitu. Kisha akatazama saa.

"Saa nne. Taratibu zinataka nimhoji mwombaji wenu kwa simu, waajiri wakiwepo. Tumhoji."

"Bado anaweza kupewa kibali?" Uso wa Mama Pazia ulichanua. Nakwambia mwanamke huyu hana soni. Aliikimbilia simu yake, akaiegemeza kwenye chombo cha maua, akajilamba midomo, na akamsogeza Shangazi pembeni ili asionekane kwenye picha.

Simu ilipokelewa. Kwenye kioo akatokea mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nywele zimefungwa nyuma, ukutani hana kitu ila kalenda. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kimenyooka, kila neno limewekwa mahali pake kama sahani kabatini.

"Hamjambo nyote. Hujambo, mama. Hujambo, mheshimiwa."

"Hatujambo," alisema Afisa. "Nitakusomea mkataba uliowasilishwa kwangu. Wewe uniambie kama ndio uliopewa. Kazi ni saa nane kwa siku."

Yaya alikunja uso. "Samahani. Mkataba wangu unasema, kuanzia watoto wanapoamka mpaka mama anapolala."

"Mapumziko siku moja kwa wiki."

"Wangu unasema siku moja kwa mwezi. Kama hakuna wageni."

"Chumba chako mwenyewe, chenye dirisha na ufunguo."

"Hapana. Mimi nitalala chini, katika chumba cha watoto, ili nisikie wakilia."

Afisa alimgeukia Mama Pazia. "Kile chumba nilichopima sasa hivi ni cha nani?"

"Cha... cha baadaye," alisema Mama Pazia.

"Pia," Yaya aliendelea, akigeuza karatasi, "kuna mgonjwa. Nitamgeuza kitandani mara nne kwa siku."

"Mgonjwa amepona," alisema Afisa.

"Mungu asifiwe!" alisema Yaya, na alifurahi kwa dhati kabisa.

Mama Pazia aliirukia simu, akailaza kifudifudi mezani. "Mtandao mbaya leo," alisema. Kisha akamwinamia Afisa na kushusha sauti, sauti ya siri baina ya wakubwa.

"Mheshimiwa, hawa watu usiwaonee huruma. Huko kwao hawana mbele wala nyuma. Mmoja akijifanya anajua haki, kumi wamepanga foleni nyuma yake. Huyu ningemlaza bafuni angeshukuru. Wamezoea kama mifugo."

Kilichojibu ni meza.

"Mama," ilisema sauti kutoka kifudifudi. "Nasikia."

Afisa alinyoosha mkono, akaigeuza simu. Uso wa Yaya haukuwa na hasira. Ungekuwa na hasira, Mama Pazia angejua la kufanya.

"Nimefanya kazi katika nyumba nne," alisema Yaya. "Nimelea watoto kumi na mmoja. Wawili wameoa, na siku ya harusi walinikaa... samahani, waliniweka mstari wa mbele. Nimejifunza lugha yenu miezi minane, ili watoto wako wasiishi na mtu wasiyemwelewa. Nimejifunza kusema pole. Nimejifunza kusema tafadhali. Neno mifugo sikufundishwa katika somo la watu, nilifundishwa katika somo la wanyama, kwa hiyo nimelielewa. Mheshimiwa, naondoa maombi yangu."

"Yameondolewa," alisema Afisa, akichora mstari kwenye faili.

"Na wewe mama uliyeko pembeni. Naona mkono wako, umeshika mtoto. Shikamoo."

Shangazi alisogea hadi kwenye picha. "Marahaba, mwanangu."

"Pole kwa kazi, mama."

Katika nyumba ile, miaka mitano, Shangazi hakuwahi kuambiwa neno hilo. Lilisemwa na mgeni, kwa simu, kutoka upande mwingine wa dunia. Kioo kikazimika.

*

Mtu mwingine angetafuta shimo la kujifukia. Mama Pazia alipiga makofi mawili, kama anayefukuza kuku.

"Haya, yamekwisha. Wa kuringa aringe. Mheshimiwa, asante kwa kupita, mlango uko pale. Wifi, beseni lako liko koridoni, nguo zinanuka. Na ukitaka hicho chumba cha dirisha, rudi. Nakupa. Mimi sina kinyongo."

Shangazi hakuinuka.

"Wifi, nasema na wewe."

"Nimekusikia. Beseni litakaa hapo hapo lilipo."

Mama Pazia alimgeukia mumewe. "Mwambie dada yako."

Daktari alifungua mdomo. Akaufunga vizuri, kama alivyoukuta.

"Mimi sijamaliza," alisema Afisa. Alitoa faili la pili mkobani, jembamba, jipya, akaliweka kando ya lile la kwanza. "Kwa kawaida sitoki ofisini kwenda kupima vyumba. Hiyo kazi ina vijana wake. Nimekuja mwenyewe kwa sababu wiki hii yalifika mezani kwangu mafaili mawili yenye anwani moja, moja la anayeingia nchini kufanya kazi, moja la anayetoka. Katika hili, mwanamke wa nyumba hii amepooza. Katika hili lingine, mwanamke huyo huyo amepimwa na madaktari watatu, hakuna wa meno, na wameandika kwamba ana macho mazima, mapafu mazima, na anaweza kumpandisha mtoto wa kilo ishirini ngazi za ghorofa tatu bila kupumzika. Nikasema, huyu lazima nimwone."

"Madaktari wa nini?" Daktari alishtuka. "Dada, unaumwa?"

"Siumwi," alisema Shangazi. "Naondoka. Ijumaa."

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mama Pazia.

"Mbali. Kuna mtoto wa miezi saba. Mama yake anaendesha ndege, baba yake ni mwalimu. Wamenihoji mara tatu. Wananisubiri."

Ilichukua muda kuingia. Ilipoingia, Mama Pazia aliangua kicheko hadi akashika kochi.

"Wewe? Wewe ndiye yaya wa kigeni? Na hivyo vibanio kwenye kola? Jamani! Nani huko aliyekosa macho?"

"Waliniuliza nimelea nani," Shangazi alisema. "Nikawaambia nimelea watoto watatu. Mapacha na baba yao. Mapacha wametoka vizuri."

Daktari aliinamisha kichwa. Sikio lake lilikuwa jekundu kama limefinywa.

"Ulikwenda lini huko kwenye maofisi?" mkewe alifoka. "Nani alikupa ruhusa?"

"Siku ulizokuwa unanituma kwa fundi na vitambaa vyako. Wakala wa kazi za nje yuko ghorofa ya juu ya fundi. Nilikuwa napanda, nazungumza, nashuka na mapazia yako. Hata siku moja hayakuchelewa."

"Dada," Daktari alisema, na sasa alikuwa karibu kulia, "na watoto?"

"Wana baba."

Alilisema hilo vizuri. Lakini pacha wa kike alikuwa amemkumbatia shingo na kumwambia sikioni, "Ijumaa ni kesho?" na hapo Shangazi alimkumbatia naye kwa mikono yote miwili kabla ya kujibu.

"Si kesho, mama. Tuna siku tatu. Nitakuaga vizuri, nitakupigia simu, na utaniona usoni kama tulivyomwona yule."

"Haendi popote!" Mama Pazia alisema. "Kesho nafungua duka saa moja. Nani ataamka na hawa? Nani atawapeleka shule ikifunguliwa? Mimi?"

Alilitamka hilo *mimi* kama tusi.

Afisa hakumjibu. Alikuwa ameanza kufunga kazi yake. Alitoa kutoka faili la kwanza pasi mbili za kusafiria. "Hizi ni zenu mlizoleta na maombi. Maombi yamekufa, nawarudishia. Ile habari ya cheti cha uongo itawafikia kwa barua yake." Kisha akatoa ya tatu kutoka faili jipya. "Na hii ni yako, mama. Imegongwa muhuri jana. Niliona nikuletee mwenyewe."

Alizilaza juu ya meza. Vitabu vitatu vidogo, jalada moja, rangi moja.

Shangazi alimtua mtoto chini ili anyooshe mkono.

Mkono wa Mama Pazia ulikuwa umeshafika. Alikwapua kimoja, akageuka, akaangusha chombo cha maua, akakata kona ya korido kwa mwendo ambao hakuna aliyejua anao. Mlango wa chumba cha kulala ulibamizwa. Ufunguo ukazunguka mara mbili.

"Mke wangu!" Daktari alikimbia hadi mlangoni, akagonga kwa kidole kimoja. "Mke wangu, fungua. Afisa bado yupo."

"Naye aondoke! Mwambie dada yako arudi jikoni, halafu nitafungua!"

"Mama," Afisa alisema kwa sauti ya kawaida, "hicho ulichoshika ni mali ya serikali. Kukiharibu ni kesi nyingine, na hiyo haina barua. Hiyo ina gari."

Ndani, droo ilivutwa. Vitu vikachakurika. Kisha tukasikia chuma kikisuguana na chuma, mkasi mkubwa ukifunguka.

"Wifi!" sauti ya Mama Pazia ilipasuka. "Unasikia? Unakwenda jikoni au nakata?"

Wote walimgeukia Shangazi. Alikuwa bado amekaa. Mapacha walimshika gauni pande zote mbili.

"Sendi," alisema.

Mkasi uliuma. Jalada gumu lilikataa kwanza, kisha likakubali. Ukauma tena. Na tena. Vipande viliangukia sakafuni kwa sauti ndogo, na nyuma ya mlango Mama Pazia alikuwa anahema kama mtu aliyemaliza kupanda mlima.

"Haya!" alipiga kelele. "Nenda sasa! Nenda na ulimi wako!"

Daktari alijishika kichwa. Afisa alitoa simu yake.

Shangazi alisogea mezani. Zilikuwa zimebaki pasi mbili. Alichukua iliyokuwa juu, akaifungua ukurasa wa picha, akaitazama kwa muda mrefu. Akaifunga, akaitia kifuani, ndani ya gauni.

Halafu akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa. Lakini watoto walimtazama kwa mshangao, maana hawakuwahi kukisikia.

"Dada," Daktari alisema, sauti imemkauka. "Unacheka nini?"

Shangazi aliisukuma pasi ya mwisho kwa kidole, hadi ukingoni mwa meza, upande wa mdogo wake.

"Fungua hiyo iliyobaki," alisema. "Tujue mkeo amekata ya nani."